Kitambaa cha Kumi na Tatu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kampala, wa vilima saba vya asili na vile vingine vilivyojiongeza bila kibali, kwamba vitambaa vya kufuma, vile vile vilivyofunika redio ya baba yako na mgongo wa kochi la shangazi yako, vimepandishwa cheo. Kuanzia Jumamosi hii ni sanaa ya kisasa. Viko kumi na viwili tu duniani, vina namba na saini, na ni marufuku kuvigusa kwa mikono ya sambusa.

Aliyevifuma ni Shamim wa Lubaga, ambaye mtaa mzima unamwita Hajati. Maka hajafika. Ila Kampala mwanamke wa Kiislamu akishaota mvi anapewa uhajati bila tiketi ya ndege. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani kuuza shanga, akaonja matoke, akasahau kurudi.

Mama yake, marehemu Bi Hindu, alikuwa na meza ya vitambaa barazani, chini kidogo ya kanisa kuu, na hapo Shamim alijua kushika sindano ya kulabu kabla ya kalamu. Enzi hizo nyumba isiyo na vitambaa ilihesabiwa iko uchi. Redio ilivaa, kochi lilivaa, hata birika lilikuwa na gauni lake. Mabibi harusi walinunua kwa dazeni, na masista wa kanisani walikuja wakijifanya wanapita tu. Kila aliyechukua dazeni alitiliwa cha kumi na tatu, nyongeza. Sasa, muuza nyanya hukutilia nyongeza ile nyanya iliyokwisha kupondeka. Bi Hindu hakuwa hivyo. Nyongeza yake ndiyo iliyokuwa nzuri kupita vyote, yenye nakshi ya ua la mpapai ambayo hakumfumia mtu kwa oda. Na nyongeza hairudi nyumbani. Mara moja mnunuzi aliikataa, na Bi Hindu alikaa siku nzima mikono mapajani, kama mtu aliyerudishiwa posa.

Kisha zikaja televisheni bapa, nyembamba mno, kitambaa hakina pa kukaa. Meza ya barazani ikaondoka, Bi Hindu naye akaondoka, na Shamim akabaki kufuma vya kujaza kabati.

Aliyelifungua kabati hilo ni Lanyero, binti wa sajenti kutoka kaskazini, aliyekulia kambi za polisi na sasa anasimamia jumba moja la sanaa lisilotafuta faida. Aliagiza vitambaa kumi na viwili. Kila kimoja kingekuwa na cheti kinachoapa kwamba hakuna zaidi.

Hajati alifuma miezi minne. Akaleta kumi na vitatu.

Lanyero akahesabu mara mbili. “Hajati, iko kumi na tatu.”

“Najua, mwanangu. Hicho ni nyongeza.”

Lanyero akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba vyeti vimeshapigwa chapa, na cha kumi na tatu kitavifanya vile kumi na viwili viwe vya uongo. Mtu ananunua ili jirani asiwe nacho. Kwa hiyo ama kifumuliwe, ama Hajati arudi nacho. Hajati akauliza kama ni kibaya.

“Hapana. Hii ndiyo mzuri kupita zote. Ndiyo matatizo.”

Kilikuwa na ua la mpapai. Hajati hakuwa amelifuma tangu wamzike mama yake. Hakubishana. Aliketi, akaweka mikono mapajani.

Lanyero alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Haukuja. Akakipapasa kile kitambaa. Akaanza kusimulia chumba chao kimoja kambini, na redio ya mama yake, Santa, ambayo hata siku ya uhamisho ilisafiri juu ya lori ikiwa imevaa kitambaa chake, wakati watoto wenyewe hawana viatu. Mwishowe akasema atakipokea, ila hakitapata namba, wala cheti, wala ukuta. Hajati akamjibu kwamba Bi Hindu hakuwahi kutia saini kitu maishani. Lanyero akakichukua, akalivika birika la umeme kwenye meza ya chai, pembeni mwa ukumbi.

Jumamosi mwenyekiti wa jumba alirekebisha miwani, akatamka kwamba duniani kote vitambaa hivi ni kumi na viwili, na kamwe hakitafumwa kingine. Watu wakapiga makofi kama kwenye mazishi ya waziri. Kisha bwana mmoja, mmiliki mpya wa namba saba, akaenda kujitilia chai, akasimama ghafla na kikombe mkononi.

“Na hiki?”

Lanyero akatazama sakafu. Wengine wote wakamgeukia Hajati, aliyekuwa ameketi chini ya jina lake mwenyewe lililoandikwa ukutani, sambusa mkononi. Alilitazama ua la mpapai lilivyokaa juu ya birika, bila mkunjo hata mmoja.

“Hicho ni cha kuzuia vumbi,” akasema.