Nilivyojaribu kuwa dereva wa mbio Muscat, mguu wa kulia ukanigomea

Wakuu, habari za Ijumaa.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi wawili bado wananicheka. Sina sababu ya kudanganya. Ningedanganya, ningejipa ushindi.

Nina miaka arobaini na nne. Nilimaliza kidato cha nne Morogoro, kisha miguu ikaanza kuwasha: Tunduma, Lusaka, Beira, sasa Muscat. Kote nimehama na ugonjwa mmoja, mbio za magari. Utotoni magari ya rali yalipita karibu na kwetu, nikasimama kando ya barabara nikala vumbi hadi jioni. Nikagoma kuoga ili lisitoke. Mama alinishawishi kwa fimbo.

Hapa ni dereva wa familia moja, mtaa wa Khuwair. Mwaka wa saba huu nampeleka mama mwenye nyumba, Mama Salim, sokoni, hospitali, kwa ndugu zake. Ijumaa ni off yangu, na huwa nakwenda uwanja wa mbio nje ya mji kushangilia. Ni magari ya kawaida tu, haya haya ya barabarani, yanashindana.

Huko nikamjua Seif, Mwomani mwenye gereji Wadi Kabir. Kwao wanaongea Kiswahili cha Unguja. Ana sedani kuukuu ya mashindano, nikajipachika usaidizi: kubeba matairi, kufuta vioo, kupiga kelele.

Mwezi uliopita akasema anatafuta dereva wa msimu mzima. Tukawa wawili: mimi na Otieno, fundi wake Mkenya. Kila mtu raundi tano, mwenye kasi zaidi anachukua kiti.

Wakuu, kiti hicho nilikingoja tangu nina vumbi masikioni.

Otieno akaanza. Aliendesha kama amemuibia mtu.

Zamu yangu. Helmeti imenibana mashavu, najiona bingwa. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikaingia sehemu iliyonyooka, nikakanyaga mafuta.

Sasa kwa wasiojua, magari mengi ya huku yana alamu. Ukipita mia na ishirini inalia ti-ti-ti. Na Mama Salim hupenda kulala kiti cha nyuma. Alamu ikimwamsha, siku yangu imeharibika.

Ti-ti-ti.

Mguu ukanyanyuka wenyewe! Macho nayo yakaenda kwenye kioo cha ndani, kuangalia kama ameamka.

Raundi ya pili, vile vile. Ya tatu nikaapa siachii. Nikaachia, tena nikatamka kwa sauti: "Samahani, mama."

Ya nne niliwasha na indiketa. Ya tano sitaki kuisimulia.

Niliposimama, Otieno alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Mzee, ulikuwa unashindana ama unasindikiza maiti?"

"Ni hiyo alamu," nikajitetea.

Seif ana huruma. "Otieno, hebu ikate. Nnampa raundi moja nyengine. Lakini yakhe, ukishindwa hii, khalas."

Waya ukang'olewa. Nikarudi uwanjani, gari kimya kabisa. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini.

Mguu ukanyanyuka.

Hakuna alamu, hakuna Mama Salim, hakuna mtu. Hapo utani uliniisha, wakuu. Nilirudi polepole, na helmeti sikuivua haraka, maana macho hayakuwa makavu.

Seif akaegemea dirishani. "Kiti cha Otieno. Lakini weye usende popote. Gari hili kila Ijumaa lazima litoke Wadi Kabir lije huku, kisha lirudi. Njiani nnakuamini weye kuliko huyu mwendawazimu."

"Mwendawazimu ndiye ameshinda, boss," Otieno akajibu.

Kwa hiyo sasa mimi ni dereva rasmi wa timu. Nalipeleka gari la mbio kwenye mbio, kwa spidi ya themanini. Faini sijapigwa hata moja.

Funzo: mwenye ndoto hii aanze mapema, kabla mguu wake haujapata mwajiri. Miaka saba ya kuendesha kwa adabu haitoki kwa kukata waya.

Mliobadili fani kwenye umri wangu, mguu unafundishwaje upya? Mwenye dawa aiweke hapa. Wenye kejeli pangeni foleni, Otieno yuko mbele yenu.