Dirisha Lililozibwa kwa Boksi

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa kushuku watu hana mpinzani. Ukikohoa tu mlangoni, basi umekuja kumwibia mtindo. Ndiyo maana aliliziba kwa boksi dirisha la chumba cha kushonea, tukawa tunafanya kazi chini ya taa ya tyubu mchana kweupe, miaka minane! Aliyemvumilia ni mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Yeye alipiga pasi na kupeleka nguo kwa wateja.

Siku moja mwalimu mmoja alileta koti la bluu lililoungua mkono. Mama akatafuta kitambaa, akakilinganisha na koti chini ya taa, akaona sawasawa, akashona mkono mpya. Mama mdogo akalipeleka. Kesho yake mwalimu huyo mlangoni, kafura: mkono zambarau! Mama akaliangalia juani. Kweli, zambarau tupu.

Akaingia ndani nalo kwapani, akamvaa mama mdogo. "Kitambaa changu umekipeleka wapi? Umeshonesha kingine huko njiani, mwizi wewe!"

"Mwizi? Mimi, dada?" Mama mdogo akalichukua koti, akalitandaza mezani. "Haya, nionyeshe hiyo zambarau."

Jamani, koti lilikuwa bluu, mkono na mwili.

"Umelibadilisha tena!"

"Saa ngapi, na ulikuwa nalo kwapani?"

Lile neno "mwizi" Mama hakulifuta. Nilimkasirikia mama yangu mzazi, sifichi. Mama mdogo akaanza kukusanya vitu vyake, sindano zikamponyoka. Ili azione, akalibandua boksi dirishani. Jua likaingia, na pale pale mezani, bila kuguswa na mtu, mkono ukageuka zambarau.

Shuleni tulifundishwa kwamba rangi ya kitu ni mwanga kinaourudisha. Jua lina wekundu tele, taa yetu ilikuwa nao kiduchu. Kitambaa cha mkono, tofauti na cha koti, kilirudisha wekundu, ila chini ya taa hakikuwa na wa kurudisha. Hakuna aliyeiba chochote.

"Umeona, dada?" mama mdogo akauliza taratibu. Akachukua mkasi wake, akaondoka.

Boksi halijarudishwa. Siku hizi mama anashonea pale dirishani, na kila akisikia hatua za mtu nje anainua macho. Majirani wanalalamika kwamba bado anawashuku. Mimi najua anamtafuta nani.