Ngombe ya Mama Donatille na Mashanza ya Bakwe

Mama Donatille wa Lac Vert, mutu wa Masisi, iko na ngombe moja tu, lakini anaiongelea kama iko na kundi muzima. Mie, motard, mutu wa pikipiki, mukali kuliko bote ba Ndosho, njo nabeba maziwa yake kila asubui. Masomo niliacha mu primaire, lakini barabara ya Sake inanijua.

Bakwe balikuwa karibu kuja kumuomba Jolie, mutoto wake. Kwa batu ba Masisi, bakwe bakifika bila kupewa kibuyu ya mashanza, maziwa ya kuganda, ni haya mpaka kwa bajukuu. Na ngombe ilikuwa imepunguza maziwa. Nyasi ya kilima yake ilibaki fupi kama kichwa ya militaire.

"Ni pongo, zile swala za musitu," Mama akasema. "Zinatoka mu pori juu kule, zinamaliza nyasi. Nitazitegea kamba."

"Niachie mie, mama. Pongo ikiniona, inaomba pardon."

"Wewe? Mbuzi yangu ilikufukuza mpaka ukapanda juu ya ukuta."

Asubui mapema tukajificha nyuma ya mawe ya volkano. Pongo mbili zikashuka. Zikapita mu nyasi kama bibi arusi anapita mu tope, zikaenda moja kwa moja mu vichaka, zikachuna majani laini ya miti. Mbuzi za Mama zikazifuata kule kule. Nyasi, hakuna hata moja iliyoigusa.

"Sasa nani anakula?" Mama akauliza.

Jua ikapanda, tukasikia meee. Kondoo, nene kama magunia ya makaa, vichwa chini, zinakata nyasi mpaka kwa udongo, pale pale ngombe inakulaka. Mama alizijua: za Papa Ruffin, baba ya muchumba wa Jolie.

"Utategea mukwe kamba?" nikamuuliza.

Mama akakunja kamba yake.

Siku ya bakwe, Papa Ruffin akapokea kibuyu, akaitingisha.

"Mama, iko nusu tu?"

"Nusu ingine kondoo zako zilikuja kuikula kwa kilima changu, muzee. Nilifikiri umezituma zitangulie kuomba mutoto."

Bakwe bakacheka mpaka machozi. Papa Ruffin naye akacheka, mwisho wa bote.

"Njo maana nyumbani zinakataa kula," akasema.

Kesho yake akazihamisha upande ya Sake, na dume moja nene ya kondoo akaiongeza juu ya mahari. Mie njo niliibeba nyuma ya pikipiki. Ilikaa mutulivu kuliko bateja benye nabebaka Birere.