Chupa ya Maji Yanayopanda

Kwa miaka sita nilichota maji ya Mto Msimbazi kila Jumamosi saa moja asubuhi, pale darajani Jangwani. Sikukosa hata wiki moja. Kamba ilikuwa ileile na chupa zote za ukubwa mmoja. Nikirudi niliyaacha maji yatulie, nikamwaga yaliyotakata, nikaanika tope kwenye sahani ya bati, kisha nikalipima kwa mizani ya sonara. Mizani ndiyo kazi yangu: nina kibanda Kariakoo, natengeneza mizani ya wauza mchele na dagaa. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea. Vitabuni tope hilo linaitwa mashapo, na nililipenda neno hilo kwa sababu mtaani kwetu nilikuwa nalo peke yangu.

Nilitaka kujua jambo moja. Kila masika mchanga unajaa chini ya daraja, maji yanapanda barabarani na njia inafungwa. Mashine zinakuja, zinauzoa, na masika yanayofuata umerudi. Nilisoma kwamba unatoka mbali, kwenye vilima vya Pugu, ambako watu wanakata miteremko wajenge na mvua inachimba makorongo. Mwingine unatoka kwenye kingo zinazomeguka njiani. Ni kiasi gani kinapita hapa kwetu? Hilo halikuwa kitabuni, na niliamini limo kwenye daftari langu.

Mwaka huu tukatangaziwa na mjumbe kwamba mtaalamu wa mito anatafuta mkazi mmoja wa kumchotea maji darajani masika yote. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nimeoa. Posho sikuiwaza. Nilitaka mtu aliyesoma afungue daftari langu na kunichagua.

Ila nilikuwa na mtani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na kwa utani wa makabila yetu akisema lolote siruhusiwi kukasirika. Kazi yake ni kuchota mchanga mtoni na kuwauzia wajenzi. Akipita kibandani lazima aniulize habari za mto, "Mtani, mgonjwa wetu ana uzito gani wiki hii?" Majirani wanacheka, nami nacheka.

Wivu wangu kwake ulianza siku alipochukua tope kidogo kwenye sahani yangu, akalitia katikati ya meno, akatafuna, akatema. Akasema hilo si la vilimani, ni la ukingo uliomeguka hapo juu tu. La vilimani lina chenga na wekundu. Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimetumia miaka miwili kufika hapo. Alipoondoka nilishusha pazia la kibanda nikatia tope mdomoni. Sikutambua chochote. Nilisukutua mara tano.

Jumatano, siku mbili kabla mtaalamu hajaja, mvua kubwa ilinyesha mchana. Mtani wangu alitokea kibandani ameloa hadi kiunoni, mkononi ana chupa ya maji mazito kama uji wa ulezi. Alisema ameyachota mto ukiwa bado unapanda.

"Mtani, wewe unauchota mto umelala. Huyu nimemkamata anakimbia."

Akanieleza kwa kifupi kwamba mto hubeba mzigo wake unapopanda, na ukianza kushuka mzigo umeshapita. Aliniachia chupa akaenda kubadili nguo.

Nilikausha tope lile kwenye jiko, nikabakiza maji kidogo chupani kwa kumbukumbu. Lilizidi uzito wa Jumamosi zangu zote za masika yaliyopita zikijumlishwa. Nilipima tena. Nikabadili mizani, nikapima mara ya tatu. Mvua haikuwahi kuahidi kunisubiri hadi Jumamosi, na mimi kwa kupenda safu ya tarakimu zinazofanana nilikuwa nimeandika miaka sita ya mto uliopumzika. Nikalifunga tope kwenye karatasi, nikaliweka pamoja na chupa nyuma ya kabati, nikafunika na gunia.

Ijumaa mtaalamu alikuja, binti wa umri wa mwanangu. Akaniamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa bila haraka.

"Baba, hii ni kazi safi sana," akasema.

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miaka sita. Kisha akauliza, "Na tarakimu za siku mto unapofurika umeziweka wapi?" Aliuliza kwa imani, kwamba mtu mwangalifu kama mimi hawezi kukosa.

Ningeweza kujibu sina, na isingekuwa uongo, kwa kuwa kweli mimi sikuwa nazo. Lakini angeondoka na tarakimu zangu, na zingewaambia wakubwa wake kwamba mto huu haubebi kitu. Nikaliondoa gunia.

"Hii si yangu," nikasema. "Ni ya mtani wangu."

Alilishika tope, akainua chupa kwenye mwanga, na hakulirudia daftari tena.

Nilimpeleka mwenyewe. Tulifuata Mtaa wa Msimbazi hadi mtoni, tukamkuta mtani wangu kwenye maji ya magotini na sepetu yake. Mtaalamu alinipa mkoba wake, akavua viatu, akashuka. Niliwatazama kutoka juu. Alipewa mchanga autafune, akautafuna, wakacheka. Haikupita nusu saa, kazi ikawa ya mtani wangu.

Walipopanda mtani wangu aliniambia kwamba yeye hana mizani, kwa hiyo atakuwa ananiletea chupa. "Mimi nakamata, wewe unapima. Ila usimpunje mgonjwa wetu, mtani."

Nilicheka, maana utani haukuniachia njia nyingine. Mkoba wa mtaalamu ulikuwa bado mkononi mwangu. Ile chupa ilikuwemo, ameizungushia kitambaa isivunjike. Daftari langu alikuwa ameliacha kibandani, juu ya kigoda.