Neno lililomgusa mama mwenye nyumba

Jumamosi asubuhi jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mama mmoja hapa Ilembo. Msomaji, baba anayeuza asali sokoni, alisoma Injili kwenye simu, haraka haraka kama anayekimbizwa. Alipofika katikati simu ikaita, akaipokea palepale.

"Basi la Inyonga limefika? Hiyo ndoo ya asali ishusheni taratibu. Taratibu jamani, isimwagike hata tone!"

Akakata, akamalizia Injili. "Sifa kwako ee Kristo," tukajibu, wengi tukiwa tumeinamia simu zetu. Kisha, kama ilivyo desturi, mwenyekiti akamwomba kila mmoja ataje neno lililomgusa.

Vidole vikaanza kupekua simu kutafuta mstari.

Mama mwenye nyumba akanyoosha mkono. "Mimi limenigusa hili: 'Ishusheni taratibu, isimwagike hata tone.'"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Nyie mnacheka nini? Baba, yale mengine ulitusomea tu. Hilo ulilisema kwa moyo."

Mpaka leo najiuliza: siku Injili ikisomwa kwa sauti ile iliyookoa asali, nani atakumbuka kuangalia simu?