Mgeni wa Kwanza wa Mwaka

Enzi zetu, sisi tuliokulia Fittja, pembezoni mwa Stockholm, miaka ile simu zilipokuwa bado na vibonye, jirani hakuwa jina lililobandikwa mlangoni. Jirani alikuwa harufu. Ukipanda ngazi kutoka shule, theluji ikiyeyuka viatuni, ulijua ghorofa ya kwanza wamekaanga vitunguu, ya pili wanaoka mkate, na ya tatu, kwetu, Mama ameteleka sombe, kisamvu cha kwetu, tangu asubuhi. Mlango uliotazamana na wetu ulinuka tangawizi, samaki na ubani. Huko ndiko alikoishi Bà.

Tulifika kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma katikati ya majira ya baridi, nami nilikuwa na miaka tisa. Mama hakuwa amewahi kuona miti yote imepukutika kwa pamoja; akadhani kuna ugonjwa umepita nchini. Wiki ileile homa ikanishika, na kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Asubuhi mlango ukagongwa. Alisimama bibi mfupi aliyevaa sweta mbili, ameshika bakuli lenye mfuniko kwa mikono miwili, na nyuma yake amejificha mjukuu wake, Linh, msichana wa rika langu. Bibi hakuwa na lugha ya kutuambia kitu, nasi hatukuwa nayo. Alijigusa kifua, akaigiza kikohozi, akaninyooshea kidole mimi. Ndani ya bakuli mlikuwa na uji wa mchele uliotiwa kuku na tangawizi. Mama alisita, maana vita vilitufundisha kutokula cha mtu tusiyemjua. Papa ndiye aliyechukua kijiko, akaonja, akasema huu ni uji wa mgonjwa, na uji wa mgonjwa ni mmoja dunia nzima.

Nilipopona, Mama aliosha bakuli na kulijaza mandazi. "Chombo cha jirani hakirudi kitupu," alituambia, na tangu siku hiyo bakuli lile halikujua linakaa nyumba gani.

Linh alimwita Bà, yaani bibi kwa Kivietinamu, kwa sauti inayoshuka kama mtu anayetua mzigo. Kwa muda mrefu Mama alishangaa kwa nini mtoto huyu anamwita bibi yake baba. Mimi na Linh tulijifunza Kiswidi pamoja, yeye akiwa mbele yangu kidogo kwa kuwa alizaliwa hukuhuku, na haukupita muda tukawa wakalimani wa wazazi. Tuliteleza kilimani juu ya mifuko ya plastiki mpaka suruali zikaganda kama mbao. Tulijificha kwenye chumba cha kufulia cha chini, tukifukuzwa na kila mama aliyekuja kwa zamu yake. Peremende tulizonunuliwa kila Jumamosi tuliziweka pamoja na kugawana kwa haki, isipokuwa zile nyeusi za chumvi, ambazo hakuna aliyezitaka.

Kwa Bà nilijifunza adabu nyingine ambayo, kumbe, haikuwa nyingine sana. Kabla ya kula, mtoto humkaribisha kila mkubwa chakula, mmoja mmoja, kwa jina lake la heshima. Kitu cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Mama aliposikia alisema hawa wamelelewa. Na kiangazi cha kwanza alipochungulia kutoka roshani yetu akaona matembele yanatambaa kwenye boksi la udongo la Bà, alikaribia kulia. Bà akamkatia vikonyo. Kwao majani yale huchemshwa na kitunguu saumu, kwetu hupikwa kwa karanga, na wanawake wale wawili walikaa jikoni wakibishana kwa vidole juu ya njia iliyo bora.

Mwaka wetu wa pili, siku chache kabla ya Tết, sikukuu yao ya mwaka mpya ambayo hufuata mwandamo wa mwezi, Linh alitumwa kwetu na ujumbe. Kwao, alieleza, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya mwaka mpya huja na heri ya mwaka mzima. Kwa hiyo hawaachi aingie yeyote tu. Huchagua mtu mwenye moyo mwepesi, ambaye nyumba yake ina amani, nao humwomba mapema. Bà alikuwa amemchagua Papa.

Papa, ambaye alicheka kwa kila kitu, siku hiyo hakucheka. Alimwomba Linh arudie. Alikuwa akisafisha mabasi gereji, na huko Bukavu alikuwa mwalimu aliyefukuzwa na vita mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anabeba heri. Linh alipoondoka alimwambia Mama polepole: "Tangu tufike nchi hii watu huniita nikasafishe kitu. Huyu ananiita niingie tu."

Asubuhi ya Tết alivaa shati la kitenge na kung'arisha viatu, ingawa alijua atavivua mlangoni. Bà alitungoja ndani ya gauni refu la mahameli. Papa alitanguliza mguu wa kulia, akasalimia, na kicheko chake kikaijaza nyumba. Nilimtakia Bà maisha marefu kwa Kivietinamu kibovu, wakacheka wote, nikapewa bahasha nyekundu. Tulikula mchele wa kunata uliochemshwa ndani ya majani ya mgomba, na Mama akasema kumbe nao wana chikwange yao, kama mkate wetu wa muhogo unaofungwa majanini. Ukutani palikuwa na rafu yenye picha mbili, ya mume wa Bà na ya mtoto wao wa kiume, waliopotelea baharini familia ilipokuwa ikikimbia nchi yao. Mbele ya picha kulikuwa na machungwa, chai na ubani. Linh alisema siku hiyo nao wamekaribishwa. Papa alivua kofia, akasimama mbele ya picha.

Ikawa desturi. Kila mwaka tulivuka ule ujia, Papa mbele, sisi nyuma.

Kisha Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa kanisa letu dogo lililokodi ukumbi wa shule siku za Jumapili, akaja kututembelea na kukuta mlango wa Bà uko wazi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyetutafutia makoti tulipofika. Lakini aliiona rafu, akasikia ubani, na Mama alipomweleza kwa furaha jinsi Papa anavyofungua mwaka wa jirani, alikiweka kikombe chini. Akauliza kama kweli mke aliyeokoka anamtuma mumewe akawapelekee bahati watu wanaolisha wafu. Nafikiri Mama aliogopa, na hofu yake haikuwa ndogo: kanisa lile ndilo lililokuwa ukoo wetu wote Stockholm.

Tết ya mwaka ule Papa alikuwa amekwisha kuvaa Mama alipokaa mbele ya mlango na kumwomba asiende. Walibishana kwa sauti ya chini, nasi tukisikia. Papa alisema Bà anawakumbuka wafu wake, basi, kama sisi tunavyowakumbuka wetu tukiwalilia. Mama alisema siku hizi anaangaliwa kanisani.

"Sisi wenyewe tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Papa akamwambia. "Bà anafanya tu kile ambacho sisi tunakisema."

Mama alianza kulia. Papa akavua koti, akalitundika, akaenda kukaa chumbani.

Nilichungulia kwenye kitundu cha mlango. Mlango wa Bà ulifunguliwa, akatoka na gauni lake la mahameli, akatazama ngazi, akatazama kwetu, akarudi ndani. Baadaye akatoka tena. Linh aliniambia shuleni kwamba bibi yake alimzuia kila mtu kutoka au kuingia, na chai ilipashwa moto mara kadhaa. Mwishowe aliyeingia wa kwanza alikuwa fundi wa redieta, zile za kupashia nyumba joto, ambaye hakuvua hata viatu. Linh alisimulia akicheka. Bà, alisema, hakucheka.

Kesho yake Bà alileta mchele wa kunata kama kawaida, ndani ya bakuli letu lile. Mama alilipokea kwa mikono miwili akiwa amesimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani. Bakuli likabaki kwetu, kwa kuwa Mama hakuthubutu kulijaza, wala hakuweza kulirudisha tupu.

Kiangazi familia ile ikahamia Farsta, mtaa mwingine wa Stockholm, karibu na kazi ya baba yake Linh. Papa aliwasaidia kushusha vitanda; Mama alikuwa kazini, au alisema yuko kazini. Bà alimshika Papa mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema neno ambalo Linh alilitafsiri: nyumba mpya nayo itahitaji mgeni. Papa alisema atakuja. Mwaka mpya wao ulipofika hakwenda, ili nyumba yetu ikae na amani yake. Na wa pili hakwenda, nadhani kwa aibu.

Nilikuwa tayari sekondari nilipokutana na Linh sokoni Skärholmen. Tulikumbatiana. Kisha akaniambia Bà alikwisha kufariki, tangu majira ya baridi yaliyopita. Nilipofikisha habari nyumbani, Mama alikaa chini na mkoba bado mkononi. Akauliza mbona hawakutuambia tukaenda kuhani.

"Wangetuambia kupitia mlango gani?" Papa akamjibu, bila ukali.

Sijui Linh yuko wapi sasa. Wanangu huniambia ni rahisi kumtafuta mtu, unaandika tu jina. Wao ni mabingwa wa Vietnam: wanaagiza supu na sambusa zake kwa simu, kijana wa baiskeli anaziacha mlangoni, nao hungoja aondoke kwanza ndipo wafungue. Nikiwauliza kwa Kiswahili jirani yetu ni nani, wananijibu kwa Kiswidi kwamba jina limeandikwa pale chini. Na siwezi kuwalaumu sana. Mimi mwenyewe nimekaa mwaka mzima hapa bila kujua jirani anapika nini. Milango ya siku hizi haipitishi harufu.

Mama bado yuko Fittja na Papa. Kila mwanzo wa mwaka hunipigia simu niangalie Tết inaangukia lini, maana tarehe huhama. Mwaka huu siku yenyewe nilikuwa kwao. Nilipomwambia ni leo, alizima jiko, akafumba macho palepale alipo, na nikamsikia akimwomba Mungu wake, kwa jina la Yesu, awapelekee wale watu wa Farsta mgeni mwema. Papa alikuwa dirishani. Akasema amina.