Mvua ya Mawe Iliponipiga Mimi Peke Yangu

Mvua ya mawe ilipiga shamba langu peke yake.

Si mchezo. Huku Elburgon tumezoea mvua ya mawe, lakini hii ilikatakata viazi vyangu vyote, ikafika kwa ua wa jirani, ikaacha. Viazi vya jirani vikabaki vimesimama vinaniangalia.

Nikalia kidogo. Nikakama ng'ombe. Jumapili nikaenda kanisa.

Mzee Sitati, mzee wa kanisa letu, akanisimamisha mbele ya watu.

"Mama Shantel, mwaka jana mti ulimwangukia mumeo kule msituni, akafa. Sasa viazi. Mungu ni wa haki, haonei mtu. Kuna dhambi umeficha. Tubu!"

"Mzee, nimejichunguza. Sioni."

"Basi mpaka uione, akina mama hawatakuja kukupandia."

Hapo ndipo niliumia. Akina mama wa kanisa tunapandiana, leo kwako, kesho kwangu. Bila hiyo mikono, mvua ingeisha kabla sijafika katikati ya shamba. Watoto wangekula nini?



"Sawa. Jumapili ijayo nitasimama hapa, niseme yote ninayojua kuhusu dhambi iliyofichwa katika kanisa hili."

Sikudanganya. Nilikuwa sijui kitu.

Lakini watu waliangalia viatu vyao, wueh! Hata watoto.

Jumatatu asubuhi, Mama Chelimo, mwenyekiti wa akina mama, huyo kwa mlango na gunia la mbegu.

"Mama Shantel wangu, ile sukari ya matanga... shetani alinipitia. Tafadhali usinitaje."

Sukari gani? Sikuwa na habari. Nikamwongezea chai.

"Kunywa, dada."

Jumanne, nani? Mzee Sitati mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, zile mbao za kanisa nilijengea banda la mbuzi..."

"Mbuzi wanalala vizuri?"

"Wao wanalala. Mimi ndio silali. Nitazirudisha, mama. Na akina mama watakuja kupanda. Hata mimi nitakuja na jembe."

Toba sikuitisha. Mbegu pia sikuitisha. Kufika Ijumaa nilikuwa nimechoka kupika chai.

Jumapili nikasimama. Mama Chelimo alikuwa ameinama kama anayetafuta kitu chini ya benchi.

"Dhambi yangu bado sijaiona," nikasema. "Lakini ile mvua ilipita juu ya mashamba yenu yote kabla haijafika kwangu. Kama ilikuwa inatafuta mwenye dhambi, iliruka wangapi?"

"Amina!" Mzee Sitati alipaza sauti kabla ya kila mtu.

Nikaketi. Sikutaja mtu.

Baada ya ibada, pasta akanivuta kando. Nikadhani ananipongeza. Akaangalia nyuma, akaninong'oneza:

"Mama, yangu ulisikia kwa nani?"

Wiki hiyo shamba langu lilijaa watu. Pasta ndiye aliyebeba mbolea.

Wapendwa, kwa nini mti ulimwangukia baba Shantel, mimi sijui. Namuuliza Mungu kila asubuhi, na simuulizi kwa upole. Hajanijibu. Bado naamini ni wa haki, ingawa haki yake sijaielewa.

Lakini ukiona mwenzako anaumia, usimtafutie dhambi. Unaweza kupata yako.